Jumamosi: bumerangi, Shela

Assalam aleikum jamaa. Jumamosi baada ya alasiri tukutane ufukweni Shela, Lamu, maji yakishakupwa, tuchonge bumerangi: kigongo kilichopinda ambacho ukikirusha vizuri hukurudia. Kila mtu aje na tupa, msasa na tawi kavu lililopinda lenyewe, kama mafundi wa jahazi wanavyochagua mataruma, yaani mbavu za chombo. La mwembe lafaa. Ukichonga pembe kwenye ubao ulionyooka, nyuzi hukatika, na ikianguka vibaya yavunjika papo hapo.

Chini iwe bapa, juu mviringo. Ukingo unaotangulia hewani uwe butu, wa nyuma mwembamba. Wanaorusha kwa kushoto wageuze kingo hizo.

Hurushwa karibu wima, si kwa ubapa. Wenyeji wa Australia wanazo nyingi za kuwindia zisizorudi kabisa, kwa hivyo msichekane. Punda wafungwe mbali, tafadhali.