Kazi ya alfajiri ipo, gari la kutufikisha halipo

Mhariri,

Asalaam aleykum. Wiki mbili zilizopita msomaji wako mmoja aliandika kuwa nafasi za kazi madukani zipo, ila watu wa Unguja hawataki kuamka. Sikumchukia. Yalikuwa maneno ya mzee aliyechoka kumuona kijana wake kalala mpaka jua linapanda. Lakini mimi nipo katika wiki ya kumi ya kuamka saa 8:45 usiku kwenda kupanga mzigo kwenye supamaketi kubwa hapa Mjini, na naona nna haki ya kumjibu. Kuamka tunaamka. Kinachotutesa ni kutoka Fuoni hadi Mjini katika saa ambayo barabarani hakuna daladala hata moja.

Nna miaka 46, kwetu Jambiani. Kilimo cha mwani kilipoanza pwani ya mashariki mwaka 1989 nilikuwa bado skuli ya msingi, na mama yangu alikuwa mmoja wa waliowahi kupiga mambo, yaani vigingi, na kufunga kamba. Baadaye kamba zikawa zangu. Tulipanda kotonii, mwani wenye bei, mpaka maji yalipoanza kuwa moto. Kotonii ikawa inageuka nyeupe na kukatika kabla hatujaivuna. Tukabakiwa na spinosamu, unaostahamili zaidi lakini bei yake ndogo. Mara ya mwisho niliuza kilo moja kavu kwa shilingi 700. Mtoto wangu mkubwa alikuwa anaingia kidato cha tatu, mdogo darasa la sita, na mimi na baba yao tulishaachana. Nikahamia kwa dada yangu Fuoni kutafuta kazi yenye mshahara wa mwisho wa mwezi.

Kwenye usaili, bwana aliyekuwa akiniuliza maswali alitaka kujua kama naweza kunyanyua kilo 25. Nikamwambia nimetoka baharini na gunia la mwani mbichi kichwani tangu ni msichana. Akaandika jina langu. Mkataba nimepewa wa maandishi na mchango wangu wa ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, unakwenda. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na ninachokuja kukilalamikia kisije kikafanya watu wadhani kazi yenyewe ni mbaya.

Kazi si mbaya. Tena ni kazi yenye elimu yake, na wanaoiita kazi ya kubeba maboksi waje wasimame nasi siku moja. Zamu inaanza saa 10:00 alfajiri, duka linafunguliwa saa 2:00 asubuhi. Mzigo unakuwa umeshushwa jioni, umejaa stoo juu ya paleti, umezungushiwa nailoni. Katika masaa manne uwe umetoka wote, umekaa mahala pake, maboksi matupu yamebanwa na kufungwa, sakafu imepigwa deki, kwa sababu mteja hawezi kupita na kitoroli chake pahala pamesimama paleti. Tunaanza na friza: kuku, samaki wa boksi, mboga za kugandisha. Boksi la kuku likikaa nje mpaka likatoa jasho umeshaliharibu, hata ukilirudisha likaganda tena. Halafu maziwa, mtindi na siagi. Halafu matunda. Mkate unafika kabla ya saa 12:00, bado una joto. Vitu vikavu vinakuja mwisho: mchele, unga, sukari ya Mahonda, mafuta ya kupikia, sabuni, na maji ya chupa, ambayo ndiyo yanayovunja viuno vya watu. Nimefundishwa kuchutama, mgongo nikauweka wima, nikanyanyuka kwa miguu. Baharini hakuna aliyenifundisha hivyo na mgongo wangu unalijua hilo.

Siku ya kwanza nilipewa maziwa ya boksi. Nikayapanga vizuri, mapya yanayong'aa mbele, ya zamani nikayasukuma nyuma. Nilipomaliza katoni ya kumi na mbili akaja kijana mmoja, umri wa mwanangu, akasema kwa adabu: "Mama, samahani. Lililotangulia kuingia linatangulia kutoka. La zamani mbele, jipya nyuma." Nikashusha zote kumi na mbili nikaanza upya, na yeye akashusha pamoja nami ingawa njia yake ya rafu ilikuwa bado haijaisha. Sasa naelewa. Ukiyaficha ya zamani, hakuna atakayeyaona mpaka tarehe ipite, na tarehe ikipita ama yanatupwa, hasara ya duka, ama yananunuliwa na mtu asiyetazama, akampa mtoto. Wakala wa Chakula na Dawa wakija kukagua, hawamuulizi meneja peke yake. Wanatazama rafu, na rafu ile nimeipanga mimi.

Kijana huyo huyo ndiye aliyenifundisha kusoma ile mistari myeusi ya bakodi. Chini yake mna tarakimu 13, na tatu za mwanzo zinaonyesha nchi ambako kampuni imejisajili. Zikianza na 620 ni Tanzania. 616 ni Kenya, 629 ni Imarati, 890 ni India. Si lazima bidhaa iwe imetengenezwa huko, lakini usajili ni wa huko. Tangu hapo siwezi kushika kitu bila ya kutazama. Asubuhi nyengine napanga rafu tatu nzima kabla sijaikuta 620.

Na nataka nikusimulie jambo moja, Mhariri, hata kama linatoka kidogo nje ya barua. Wiki ya tatu nilikuwa napanga maziwa ya chokoleti, nikasoma maandishi ya ubavuni ili nione tarehe. Nikaliona neno ambalo nililisikia miaka mingi iliyopita kwenye semina ya wakulima pale Paje: karajinani, na pembeni yake E407. Ule ni utomvu unaotolewa kwenye mwani. Ndio unaoyafanya maziwa yawe mazito na chokoleti isizame chini. Nikaenda njia ya dawa za meno, nikalikuta tena. Kwenye aiskrimu, nikalikuta tena. Nilisimama pale na tyubu ya dawa ya meno mkononi, macho yananilenga machozi. Kamba, taitai zile nyuzi za kufungia mwani, maji ya kifua, vidole vilivyopasuka kwa chumvi, na sisi wenyewe tulikuwa tukiambiana tu kwamba "Wazungu wanatengenezea vitu." Hivi ndivyo vitu vyenyewe. Vinarudi Unguja kwenye kontena na mimi ndiye ninayevipandisha kwenye rafu. Mama yangu hakujaaliwa kuliona hilo. Nimemnunulia shangazi yangu tyubu moja, bado yumo kwenye mwani, nimpelekee Jambiani aisome kwa macho yake.

Narudi kwenye safari.

Mwani una saa zake, zinapangwa na mwezi. Bamvua likiingia unateremka pwani, maji mafu unabaki nyumbani unakata taitai. Lakini pwani ilikuwa mlangoni. Hakuna aliyewahi kunidai nauli ya kwenda kazini. Huku kwenye mshahara, saa imepangwa na duka, na baina ya mlango wangu na mlango wa duka pana giza na barabara tupu. Kwetu Fuoni daladala huanza kuonekana karibu na saa 12:00. Kwa hiyo kila usiku nachukuliwa na bodaboda, mtoto wa jirani, kijana mwema anayeniita khalati. Ananitoza shilingi 4,000, na huo ni bei ya heshima, wengine wanataka 6,000. Siku 26 kwa mwezi ni shilingi 104,000. Hiyo ni zaidi ya robo ya mshahara wangu, imekwisha kabla sijanunua hata kilo ya mchele. Mchana narudi kwa daladala kwa mia chache tu, njia ile ile.

Na hapo ni pale kijana wa bodaboda anapokuja. Katikati ya masika, usiku mmoja wa mvua, saa 9:10 nimesimama barazani nimeshavaa, simu ikaita: mama yake, kijana ana homa kali. Nikatoka kwa miguu. Nikiruka vidimbwi kwa tochi ya simu, nikakaribia Mwanakwerekwe, vijana wawili juu ya vespa wakapunguza mwendo wakawa wananifuata pole pole, wananisemesha maneno ambayo siyaandiki gazetini. Palikuwa na mlinzi wa duka moja la vifaa vya ujenzi, mzee mtu mzima, akanyanyuka na rungu lake akaniita, "Bibi, njoo ukae hapa kwangu." Wale wakaondoka. Nikakaa naye chini ya bati mpaka ikapita keri, kigari cha mizigo, ya wanunuzi wa samaki wanakwenda Malindi hapa Mjini, akaisimamisha, nikapanda baina ya ndoo na mapande ya barafu. Nilifika kazini saa 10:40. Sare imeroa, miguu inatetemeka. Nikakatwa nusu siku.

Supavaiza wangu hakufurahia kunikata. Alinionyesha kuwa mashine ya kidole haijui mvua wala homa. Sina ugomvi naye. Mkataba umeandika saa ya kufika kwa wino mzito, na haukuandika neno hata moja la namna ya kufika.

Tangu nimeanza, wasichana wawili wameacha. Mmoja wa Kinuni alifanya siku kumi na moja. Mwepesi wa mikono, anazijua bei zote kwa moyo, alikuwa akinishinda mbali. Baba yake alimkataza, kwa kuwa hakuridhika mtoto wa kike wa miaka 22 apande pikipiki ya mtu asiyemjua saa 9 za usiku. Mimi ni mzazi, siwezi kumlaumu. Lakini duka limeandika kwamba ameacha kazi kwa hiari yake, na nahofia msomaji wako akikutana na karatasi ile atasema, mnaona, hawataki kuamka.

Ninachokiomba ni kitu ambacho kinawezekana kwa hesabu ya kawaida. Hiace moja inachukua abiria 13 bila ya kubanana. Sisi wa zamu ya alfajiri ni tisa dukani kwetu pekee, na jirani yetu pana duka jengine kubwa lenye zamu kama hiyo, tunakutana mlangoni. Kila mtu akitoa 1,500, gari likijaa ni shilingi 19,500 kwa safari moja, na mimi mwisho wa mwezi nimebakiwa na shilingi 65,000 ambazo sasa hivi zinatoka mfukoni. Duka likichangia nusu, ndio nafuu zaidi, na watapata watu wanaofika kwa wakati na wasioacha baada ya siku kumi na moja. Hata kanta la duka lenyewe linalala getini usiku kucha na dereva wake. Sisemi tupakiwe nyuma kama mzigo. Nasema uwezo wa gari upo, palipokosekana ni mtu wa kukaa nasi kitako akauliza, nyie mnakujaje?

Nao wizara inayosimamia usafiri, nawaomba watazame njia mbili tu kwa kuanzia: ya Fuoni kupitia Mwanakwerekwe, na ya Bububu kupitia Mtoni mpaka Darajani. Gari moja kila njia, litoke saa 9:15 usiku, lipewe ruhusa na lijulikane. Halitakosa abiria. Saa hizo wanatembea waoka mikate, wanunuzi wa samaki, wanawake wanaokwenda kukaanga mandazi ya watu wengine, wachukuzi wa mboga sokoni, walinzi wanaobadilishana. Tunaonana gizani tunasalimiana kwa tochi. Sote tunalipa bodaboda, au tunatembea.

Dukani saa 11 na kidogo tunasimama kwa sala ya alfajiri, dakika ishirini, tunatandika maboksi yaliyokunjuliwa pale stoo. Hilo tumepewa bila ya kuliomba, nami nashukuru. Ndio maana naamini na hili likisemwa vizuri litasikika.

Orodha ya wenzangu tumeshaiandika: wanne Fuoni na Mwanakwerekwe, wawili Magomeni, wawili Mtoni, mmoja Bububu, kila mmoja na pahala anapopandia. Nimeifunga pamoja na barua hii. Jina langu pia unalo, ila naomba usilichapishe kwa kuwa bado niko kazini. Mwenye Hiace aliye tayari kuamka saa 8:45 usiku anaweza kunipata kupitia ofisi yako. Baada ya saa 7:00 mchana simu yangu huwa wazi.

Mpanga mzigo,
Fuoni, Unguja