Daftari la hatari likiwa jeupe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee tunaofanya kazi chini ya ndege. Nimepakia mizigo miaka 11 katika uwanja wa Abeid Amani Karume, hapo Kisauni, kwa kampuni ambayo siitaji.

Mwaka jana tuliletewa fomu ya kutuuliza tunauonaje usalama kazini. Ukiona hatari, unaweza kusema? Mkubwa wako anakusikiliza? Maswali mazuri, sina neno. Lakini aliyezigawa ni msimamizi wetu mwenyewe, akatusimamia tukijaza, akazikusanya kwa mkono wake. Sote tukatia alama kwenye "nakubali kabisa". Baadaye tukapongezwa.

Wiki chache kabla ya hapo, mwenzetu aliandika kwenye daftari la hatari kwamba tela moja la mizigo breki haishiki, na limeshaserereka mpaka karibu na bawa la ndege. Alichojibiwa ni barua ya onyo: kwa nini aliliacha bila kabari? Kabari zenyewe zilikuwa mbili kwa matela sita! Tangu siku ile hakuna aliyeandika tena, na wakubwa wakaona daftari jeupe ni dalili ya usalama. Kijana mmoja aligonga ndege kwa ngazi, akatuomba tumsitiri. Tukamsitiri, na mimi nimo. Bahati rubani aliuona mbonyeo alipozunguka kukagua kabla ya kuruka.

Wapo watakaosema haya ni maneno ya wachukuzi. Basi tutazame ndege mbili zilizogongana uwanjani Tenerife, kisiwa cha Hispania, 27 Machi 1977. Ndani ya ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, iliyokuwa ikikimbia ipae, mhandisi aliuliza kama ile ya Pan Am, shirika la Marekani, imeshatoka njiani. Rubani mkuu akamwambia imetoka, naye hakurudia. Watu 583 walikufa. Ikiwa mhandisi aliyekaa nyuma ya rubani alinyamaza, sembuse mpakia mizigo mwenye mkataba wa miezi mitatu?

Kiambatisho cha 19 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinataka iwepo njia ya kuripoti kwa hiari, na anayeripoti alindwe. Kwetu anaitwa mfitini.

Fomu nyingine ikija, ikusanywe na mtu wa nje asiyetupangia zamu, tena bila majina. Na kabla ya hiyo fomu, ile barua ya onyo iondolewe kwenye faili la mwenzetu. Tukiiona imeondoka, tutaandika.

Mpakia mizigo,
Unguja