Kaka, mkato peke yake hauungi sentensi

Shikamoo kaka.

Simu hupokei, na ujumbe unausoma kisha unanyamaza. Nakuandikia hapa kwa sababu najua wifi hupita na atakusomea. Bado unasema nilikuvunjia heshima mbele za watu. Tutafika huko. Kwanza binti, maana mtihani wa kidato cha nne hautangoja mimi na wewe tupatane.

Sentensi ambatano ya Kiingereza ina vishazi huru viwili, kila kimoja na kiima chake na kitenzi chake, na kila kimoja kinaweza kuwekewa nukta kikajitosheleza. Mfundishe apime kwa kiganja: afunike nusu ya pili asome ya kwanza, kisha afunike ya kwanza asome ya pili. "The rain stopped" inasimama. "We went to the farm" inasimama. Nusu moja ikining'inia, hiyo si ambatano.

Kuunganisha kuna njia tatu. Ya kwanza ni mkato, kisha kimojawapo cha viunganishi saba: for, and, nor, but, or, yet, so. "The rain stopped, so we went to the farm." Ya pili ni nukta-mkato bila kiunganishi: "The rain stopped; we went to the farm." Ya tatu ni nukta-mkato, neno kama therefore au however, halafu mkato: "The rain stopped; therefore, we went to the farm." Hii ya tatu ndiyo huharibiwa sana. Wanafunzi huweka however katikati ya mikato miwili wakidhani inafanya kazi ya but. However ni kielezi, haina nguvu ya kushika vishazi viwili, ndiyo maana inahitaji nukta-mkato kabla yake.

Wewe unamwita binti mvivu. Kaka, anafikiri kwa Kiswahili, basi. Sisi tukisema "Nilifika, mlango ulikuwa umefungwa," tumeeleweka na hakuna kosa. Tukisema "Akaamka, akanawa, akaondoka," ile -ka- imebeba kazi yote ya kuunganisha. Akihamisha mtindo huo anaandika "I arrived, the door was locked," na hapo alama inakatwa. Akiambiwa mkato umekosewa, anaufuta, anabaki na "I arrived the door was locked," ambayo ni mbaya zaidi. Kilichokosekana ni kiunganishi: "I arrived, but the door was locked."

Kiima nacho kinamsumbua, kwa sababu kwetu kimo ndani ya kitenzi. "Asha cooked the food and washed the clothes" ina vitenzi viwili ila kiima kimoja. Ni sentensi sahili, na mkato hauhitajiki. Akiongeza she, "Asha cooked the food, and she washed the clothes," sasa ni ambatano. Akiulizwa aina ya sentensi, ahesabu viima pamoja na vitenzi vyake. Kuona and hakutoshi.

Sasa siku ya arobaini ya Bibi. Watu wako barazani wanakula, mtoto kakuletea daftari kwa furaha. Alikuwa ameandika "My father is tired, but he works hard." Ukaikata kwa kalamu nyekundu, ukaandika juu yake "Although my father is tired, but he works hard," ukaisoma kwa sauti na kusema msichana mkubwa hajui hata kutumia although. Akalikunja daftari. Kaka, ile sentensi ilikuwa sahihi, na ilikuwa inakuhusu wewe! Hilo ndilo siwezi kulisahau.

Yako ndiyo yenye kosa. Although inakifanya kishazi cha kwanza kiwe tegemezi. But inadai pande zote mbili ziwe huru. Haviwezi kukaa pamoja. Kwetu "ingawa… lakini" inapita, kwa Kiingereza unachagua moja: "Although my father is tired, he works hard," ambayo ni changamano, au ile ya mtoto, ambayo ni ambatano. Unasema ningekuita pembeni. Pembeni wapi, na wewe umesoma kwa sauti? Ningenyamaza, angelala akiamini kosa, na angekwenda nalo chumba cha mtihani kwa sababu limetoka kwa baba yake. Heshima yako naijua, nimekua chini yake. Lakini mtoto naye alikuwa na haki yake pale.

Yamebaki machache. So ya matokeo hutanguliwa na mkato: "She studied hard, so she passed." So that ya kusudi haina mkato: "She studied hard so that she could pass." Nor hutaka kitenzi kisaidizi kitangulie kiima: "My brother did not call, nor did he write." For yenye maana ya because ni ya vitabuni, aitambue, asiitumie sana.

Kila jioni mpe jozi tano za sentensi fupi, kila jozi aiunganishe kwa njia zote tatu, na kiunganishi kilingane na maana. Asiweke and kila mahali. Akikwama apige simu hata usiku, wifi anayo namba. Na wewe ukitaka kunisema, nisemee humo humo kwenye simu, nitasikiliza.

Wasalimie watoto.