Kadi ya michoro ichaguliwe kwa wati na vipimo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wasomaji wenye kompyuta za mezani za mtumba, hasa zile za Dell na HP ambazo zilianza kazi katika ofisi za Ulaya na Marekani na sasa ziko kwenye studio za picha, shule, vibanda vya intaneti na majumbani mwetu. Wengi wao hutafuta kadi ya michoro, yaani kadi inayotengeneza picha za kwenye skrini, ili mashine ipate nguvu ya kuhariri video za harusi au kuendesha michezo, na wengi huinunua kwa kutazama mambo mawili tu, yaani jina lililo kwenye boksi na idadi ya GB za kumbukumbu. Mimi ni fundi wa kompyuta, na nasema kwa uzito kwamba hayo mawili ndiyo ya kutazamwa mwisho. Kabla yake kuna umeme ambao mashine inaweza kuutoa, nafasi iliyomo ndani ya kasha, na chipu halisi iliyofichwa chini ya feni.

Nichukue mfano wa OptiPlex 7010, mashine ya Dell ya mwaka 2012 ambayo bado imejaa mikononi mwa watu. Yenye kasha la mnara ilitoka kiwandani na pawa saplai (kifaa kinachoigawia mashine umeme) ya wati 275, na ile nyembamba ilitoka na ya wati 240. Wati hizo zinagawanywa kwa prosesa, diski, feni na kila kilichochomekwa, kwa hiyo kinachobaki kwa ajili ya kadi si kingi. Sloti ndefu ya PCI Express, yaani nafasi kwenye bodi ambamo kadi huchomekwa, inaruhusiwa kuipa kadi wati 75 na si zaidi. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo huwekewa tundu la kupokea waya wake yenyewe, ambapo waya wa pini 6 huongeza wati 75 na wa pini 8 huongeza 150. Pawa saplai hizi za ofisini hazikuwekewa waya wa namna hiyo, kwa sababu aliyezitengeneza hakutarajia kwamba karani angefunga kadi ya michezo.

Hapo ndipo mnunuzi anapoambiwa asiwe na wasiwasi, achukue kiunganishi kinachotoa umeme kwenye plagi ya diski na kuupeleka kwenye kadi. Plagi hiyo ya diski, iitwayo SATA, imekadiriwa kupitisha ampea 4.5 kwenye volti 12, sawa na wati 54, ilhali upande wa pili kadi ina ruhusa ya kuvuta wati 75. Mkondo unaozidi kiwango hicho huleta joto ndani ya kiplastiki kidogo kuliko kidole. Nimewahi kufungua mashine ambayo plagi hiyo ilikuwa imebadilika rangi na kuwa ya kahawia, imeyeyuka upande mmoja na kung'ang'ania kwenye kiunganishi hata haichomoki, na mwenye mashine alikuwa amekuja kulalamika tu kwamba kompyuta hujizima kila anaporenda, yaani anapotoa faili la mwisho la video ndefu aliyohariri. Nawasihi wasomaji waviache kabisa viunganishi hivyo. Kama kadi inadai waya wa ziada, ama pawa saplai ibadilishwe, jambo linalowezekana bila shida kwenye 7010 ya mnara, ama itafutwe kadi nyingine. Mwenye OptiPlex 9020 ajue kuwa bodi yake hutumia plagi ya umeme ya pini 8 badala ya ile ya kawaida ya pini 24, hivyo pawa saplai ya dukani haitaingia bila waya maalumu wa kuibadilisha.

Kwa masharti hayo orodha inakuwa fupi, na kwangu huo ni unafuu kwa mnunuzi. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, yenye kumbukumbu ya GB 4, imekadiriwa kwa wati 75, na yapo matoleo yake yasiyohitaji waya. GTX 1650 ya mwaka 2019 nayo imekadiriwa kwa wati 75, lakini watengenezaji kadhaa waliiongezea tundu la pini 6, kwa hiyo ni lazima kadi yenyewe ishikwe mkononi na kutazamwa ukingoni, maana jina pekee halitoshi. GT 1030 ya mwaka 2017 hutumia wati 30 tu. Kati ya hizo mimi ningechagua 1650 isiyo na tundu la waya kama fedha inaruhusu, kwa sababu programu endeshi zake (zinazoiwezesha kompyuta kuitumia kadi) bado zinaboreshwa, wakati 1050 Ti na 1030 zimebakiziwa marekebisho ya usalama peke yake.

Kuhusu nafasi nitasema kwa ufupi. Kasha jembamba hupokea kadi za nusu kimo tu, na kadi hiyo lazima ije na bamba lake fupi la chuma, ambalo mara nyingi limeshapotea kwenye kadi za mtumba. Hata 1050 Ti za nusu kimo huwa nene kiasi cha kuchukua sloti mbili, na katika baadhi ya mashine nyembamba sloti ndefu imebanwa na pawa saplai. Nafasi ndani ya kasha ipimwe kwa rula kabla ya mtu kutoka nyumbani kwenda dukani.

Jambo linaloniumiza zaidi ni la chipu, kwa sababu hapo hata mnunuzi makini anaweza kupotezwa. Kadi iitwayo GT 730, iliyotoka mwaka 2014, iliuzwa kwa jina hilo hilo ikiwa na chipu za vizazi viwili tofauti, moja yenye viini (sehemu ndogo za kukokotoa) 96 na nyingine yenye viini 384, na kumbukumbu yake inaweza kuwa DDR3, ambayo ni ya polepole, au GDDR5, ambayo ni ya kasi zaidi. Yapo matoleo yenye GB 4 za DDR3 yanayomvutia mtu kwa ile namba 4, ilhali chipu yake haina nguvu ya kuzitumia. Zaidi ya hayo, GT 730 haiwezi kufungua video za mfumo wa VP9, ambao YouTube inautumia sana, kwa hiyo prosesa ya zamani inaendelea kubeba mzigo ule ule na video zinaendelea kukwama. GT 1030 inazifungua, lakini nayo ina mtego wake, kwani mwaka 2018 lilitolewa toleo la DDR4 lenye jina lile lile na GB 2 zile zile, huku kasi ya kumbukumbu ikiwa imeshuka kutoka GB 48 kwa sekunde hadi 16.8. Mnunuzi anayelipa bei moja kwa kadi hizo mbili ameibiwa, hata kama aliyemuuzia hakujua.

Ndugu zangu wa studio za harusi nawaomba watazame jambo jingine ambalo halimo katika mazungumzo ya bei. Wanaporenda, kazi kubwa hufanywa na sehemu maalumu ya chipu inayokandamiza video, na si kila kadi inayo. GTX 1050 Ti na 1650 zinayo. GT 1030 haina, na Radeon RX 6400 ya mwaka 2022 haina pia, ingawa hiyo ya pili inavutia kwa wembamba wake na wati zake 53. Prosesa za Intel za kizazi cha 3 zenye michoro ya ndani, zile zinazokutwa kwenye 7010, tayari zina sehemu hiyo, hivyo mtu anayenunua GT 1030 ili kufupisha muda wa kurenda anaweza kujikuta amelipia kitu ambacho hakikumwongezea chochote. RX 6400 ina udhaifu mwingine kwenye mashine kongwe, kwa kuwa hutumia njia 4 tu za data kati ya 16 za sloti, na njia hizo kwenye bodi ya zamani zina nusu au robo ya kasi iliyokusudiwa. Kadi za Intel Arc nazo hutegemea uwezo wa bodi ambao mashine za umri huu hazina, na sioni sababu ya kuzipendekeza.

Nisisitize pia kwamba kompyuta inayochelewa kuwaka au kufungua faili haihitaji kadi ya michoro. Inahitaji SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, badala ya diski ya zamani inayozunguka, na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya kutosha. Mwenye fedha kidogo aanzie hapo, tena akikumbuka kuwa Windows 10 iliachwa na Microsoft, mwenyewe, tarehe 14 Oktoba 2025 na prosesa za kizazi cha 3 hazimo katika orodha ya Windows 11, jambo linaloweka mpaka wa kiasi cha fedha kinachostahili kuwekwa kwenye mashine hizi.

Mwisho ni kadi za bandia. Kadi za zamani kama GTS 450 na GTX 550 Ti hubadilishwa programu ya ndani ili kompyuta izitambue kama 1050 Ti, kisha huuzwa kama mpya. Chipu za kizazi cha 1050 Ti hazitoi tena mawimbi ya VGA, ule mfumo wa zamani wa kuunganisha skrini, hivyo kadi yenye jina hilo na tundu la VGA la rangi ya buluu nyuma yake itiliwe shaka papo hapo. Ipo programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 huzitambua kadi za namna hiyo na kuziwekea alama. Mnunuzi aende nayo kwenye flashi na aombe kadi ijaribiwe mbele yake kabla ya kulipa.

Kwa wafanyabiashara wetu ombi langu ni moja: kwenye kibandiko cha bei waandike jina la chipu, aina ya kumbukumbu, wati na kimo cha kadi. Na kwa Tume ya Ushindani, yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia nchini, naomba kadi za kompyuta zilizobadilishwa majina ziingizwe katika ukaguzi wake kama zinavyoingizwa bidhaa nyingine, kwa kuwa kijana anayefungua studio kwa mkopo hana njia ya kurudishiwa fedha yake pale kadi inapogundulika kuwa si ile aliyoambiwa.

Fundi wa kompyuta,
Morogoro.