Tuwafundishe watoto namna ya kupeleka bakuli kwa jirani

Mhariri,

Likizo ya Aprili haimalizi wiki kabla ya malalamiko kuanza: watoto wa siku hizi hawasalimu, hawapishi njia, wanamwona mzee na mtungi wa maji wanampita kama upepo. Sisi tuliofundisha shule za msingi hapa Kisumu tunakubali nusu ya malalamiko hayo. Nusu ya pili ni deni la wazazi. Mtoto wa miaka saba akiambiwa "msaidie nyanya" husimama akikodoa macho, kwa kuwa hajaambiwa ashike nini, aseme nini, wala aondoke lini. Kila mzazi anaijua methali ya samaki kukunjwa angali mbichi, ila hatujasikia wanaoeleza mkono uanzie kichwani au mkiani.

Chukua bakuli la mboga. Mama wa Manyatta au Nyalenda amepika maharagwe, anamtuma mtoto ampelekee jirani mgonjwa. Ni kazi ya dakika tano, na inaweza kuharibika mahali pengi. Bakuli lijazwe theluthi mbili tu. Likijaa hadi ukingoni, mchuzi utamwagika kwenye ngazi ya kwanza. Chakula kipoe mpaka mtoto aweze kulishika kwa viganja vyote viwili bila kitambaa. Lifunikwe, lifungwe kwa leso, fundo likae juu. Mlangoni apige hodi, arudi hatua moja nyuma, angoje. Akibisha mara tatu pasiwe na jibu, arudi nacho nyumbani. Asikiache kizingitini, maana mbwa na siafu hawapigi hodi. Akifunguliwa aseme, "Mama amenituma nikuletee mboga," basi. Asiongeze kwamba "mama amesema hamjapika tangu jana", hata kama ndivyo mama alivyosema. Na alichokiona mle ndani, kitanda kisichotandikwa au jiko baridi, hakisimuliwi njiani wala kwa wenzake. Hapa ndipo watoto wengi hukosea, na mara nyingi kosa ni letu, kwa kuwa akirudi swali la kwanza tunalomtupia ni "Umewakuta wakifanya nini?"

Haya yote yafanyiwe mazoezi nyumbani kwanza. Mzazi ajifiche nyuma ya mlango wa jikoni, awe jirani. Mtoto apige hodi na kikombe kitupu. Kwa mtoto wa miaka sita, mazoezi mawili au matatu hutosha.

Chombo nacho kina siri yake. Huku kwetu bakuli la mtu halirudi tupu. Hurudi na ndizi, mayai mawili au fungu la mboga ya osuga (mnavu), na hiyo ni desturi nzuri kati ya watu wenye uwezo sawa. Lakini kwa mama aliyekosa kibarua miezi mitatu, bakuli lako la udongo likikaa pale rafuni linamdai kila anapolitazama. Wengine hulificha kwa aibu, nawe ukadhani limeibwa. Kwa nyumba kama hiyo tumia mkebe wa plastiki ambao huuhitaji tena, na mtoto aseme, "Mkebe ni wako." Chakula chenyewe kiwe cha leo. Ukilazimika kukinusa kabla ya kukipakua, usikitume.

Maji ni somo la pili. Ziwa liko pale chini na bado mifereji ya mitaa mingi hukauka, na wazee hubaki na mitungi mitupu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mtungi wa lita 20 ni kilo 20 bila kuhesabu mtungi wenyewe. Mtoto wa miaka minane huwa na kilo 25 hivi. Kumtwika mzigo huo kichwani eti ajifunze utu ni kumuumiza shingo na kumfanya auchukie utu wenyewe. Mpe mtungi wa lita 5. Watoto wawili wakienda safari mbili mbili, mzee ameshapata lita 20 na hakuna aliyeumia. Waufunge kwa kifuniko chake, wasiuzibe kwa jani lililookotwa njiani, na wakifika wamwulize mwenyewe yamiminwe wapi. Kuna wazee wasiotaka mtungi wao wa kunywea uguswe, na wana haki. Kumimina ni kuinamisha mtungi, si kuzamisha kikombe chenye mkono ndani yake.

Kondele, au upande wa Kibuye siku ya soko, utamwona mtoto akimvuta mtu asiyeona kwa fimbo yake. Nia ni njema, njia ni mbaya. Fimbo ndiyo macho ya mtu yule. Ukiivuta umemfumba mara ya pili. Mtoto amsalimie kwanza, amwulize, "Baba, nikusaidie kuvuka?" Akikataa, amwache. Akikubali, mtoto asimshike yeye, amwache mzee ndiye ashike bega lake, kisha atangulie nusu hatua na kutaja kilicho mbele: "Hapa kuna mtaro," "Sasa tunapanda." Ila kazi hii isipewe mtoto wa chini ya miaka kumi. Wadogo hawajui kupima kasi ya gari linalokuja, na bodaboda hutokea hata upande usio wao. Huyo mdogo wema wake ni kumwita mtu mzima.

Kwenye matatu sheria ni fupi: anayesaidiwa apokelewe mkoba, mtoto mchanga abaki na mama yake, na kumpisha mtu kiti kufanyike gari likiwa limesimama stejini.

Msibani ndipo watoto wetu huachwa wakizurura kati ya viti, ilhali kazi zao zipo. Watoto waoshe vyombo kwa makarai matatu: la kwanza maji ya vuguvugu yenye sabuni, la pili maji safi, la tatu maji safi tena. Vikombe vitangulie, sahani zifuate, sufuria zenye mafuta mwisho. Ukianza na sufuria, maji yote hushika mafuta na chai ya waombolezaji hunuka samaki. Maji ya karai la kwanza yakianza kuwa mazito, yamwagwe, hata kama yamechotwa mbali.

Lakini kazi nzito zaidi huja baada ya mazishi. Hema limeng'olewa, magari yamerudi Nairobi, na mtoto aliyefiwa anarejea darasani akiwa amekosa masomo ya wiki mbili. Mwenzake ampe daftari moja kila jioni, lirudi asubuhi. Akimpa yote kwa pamoja, hayatanakiliwa na moja litapotea. Kurasa nne kwa siku zinatosha. Na asimwulize habari za marehemu. Akitaka kuzungumza atazungumza mwenyewe, pengine katikati ya hesabu.

Wazazi hutuuliza kama mtoto apewe kitu kwa wema wake. Hapana. Ukimlipa shilingi kumi kwa kila mtungi, mwezi ujao atadai ishirini, na jirani asiye na mtu wa kumlipia atakosa maji. Hata sifa zina namna yake. Badala ya "wewe ni mtoto mzuri", mtajie alichokifanya: "Umemngoja mzee mpaka akafunga mlango." Hapo anajua arudie nini.

Wema una mpaka pia, nao ufundishwe siku hiyo hiyo. Mtu mzima asiyemjua akimwomba mtoto amsindikize mahali, amsaidie kutafuta kitu kilichopotea au aingie garini amwonyeshe njia, jibu ni moja: "Ngoja nimwite mama." Asione haya kulisema. Mtu mwenye shida ya kweli atangoja.

La mwisho tunawaelekezea walimu wenzetu walio kazini. Mtaala wa CBC, yaani mtaala wa umilisi wa Kenya, uliosambazwa nchini kote kuanzia 2019, unamtaka mwanafunzi aihudumie jamii yake, na hilo tunaliunga mkono. Lakini baadhi ya shule hudai picha kama ushahidi. Matokeo yake ni mzee kusimamishwa juani na mtungi wake mpaka simu ya mzazi ipatikane, na bibi mgonjwa kuonekana na bakuli lake kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa zima. Tunaomba picha hizo zikome. Mwanafunzi asimame darasani dakika mbili aeleze bila kutaja jina la mtu: alifanya nini, alianza vipi, na kipi kilimwagika.

Walimu wastaafu,
Manyatta, Kisumu