Bingwa aliyeacha ngumi akiwa bado na mkanda wake hajamkimbia mtu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika kwamba Terence Crawford, bondia wa Marekani, amewakimbia vijana kwa kutangaza kustaafu Desemba 2025, miezi mitatu tu baada ya kumshinda bondia wa Meksiko, Canelo Álvarez, kule Las Vegas. Maneno hayo nayasikia pia kwenye vijiwe vya hapa Manzese, na mara nyingi anayeyasema hajawahi hata kufungwa bendeji mkononi. Mimi ni mwalimu wa ngumi. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kushika pedi, vile vimto vya mkononi ambavyo bondia huvipiga mazoezini, na kuna mambo mtu huyaona akiwa nyuma ya pedi ambayo hayaonekani kwenye televisheni.

Crawford alikuwa na miaka 38 alipotangaza. Alikuwa ameshinda mapambano 42 bila kupoteza hata moja. Shabiki akiiona hesabu hiyo anasema, basi aendelee. Lakini mkanda wa ubingwa unatoa habari za pambano lililokwisha. Habari za pambano lijalo ziko jimu, asubuhi, mbele ya watu watatu au wanne, na bondia mwenyewe huzipata kabla ya promota, kabla ya waandishi, kabla ya sisi sote.

Nilikuwa na bondia hapa jimu, bingwa katika uzito wake, ambaye jina lake nalihifadhi. Alikuwa anashinda. Asubuhi moja nikamwitia kama kawaida: "Moja, mbili, tatu!" Yaani jebu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, kisha mkono wa kulia, kisha hook ya kushoto, ngumi ya kuzungusha. Akapiga mbili. Nikadhani amechoka. Nikaita tena, akapiga mbili, akashusha mikono akinitazama, anasubiri niite nyingine. Nikamuuliza, "Ya tatu iko wapi?" Akanijibu, "Nimepiga, mwalimu." Hakuwa anatania. Alikuwa na hakika kabisa kwamba ameipiga.

Na watu walikuwa wametoka kumbeba mabegani muda si mrefu. Baadaye mkewe akanieleza ya nyumbani: anauliza jambo lilelile mara mbili, akikumbushwa anakuja juu, usiku halali vizuri. Tukakaa wote watatu tukazungumza mpaka jioni. Akaacha ngumi. Mtaani wakamwita mwoga, mpaka makondakta wa daladala wakawa wanamzomea kituoni, yeye aliyekuwa akiingia ulingoni wakati wao wamekaa vitini.

Watu huhesabu mapambano tu. Pambano ni usiku mmoja. Maandalizi yake ni wiki nyingi, na humo ndani kuna raundi za kuspari, yaani kupigana kwa mazoezi, na vijana wenye njaa ambao kila mmoja anataka aende kusimulia kwamba amemgusa bingwa. Kichwa hakijui kwamba ngumi hii ni ya mazoezi. Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika juu ya mabondia wanaoyumba kama walevi bila kunywa tone, kwa hiyo hili si jambo jipya la kutisha watoto. Mwaka huohuo Gene Tunney, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alimpiga Tom Heeney, akaacha ngumi, na hakurudi tena. Aliishi hadi 1978.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa Mwingereza Lennox Lewis, aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Juni 2003, Los Angeles, alipanda ulingoni dhidi ya Vitali Klitschko akiwa na zaidi ya kilo 116, uzito ambao hakuwahi kuwa nao katika pambano lolote. Raundi ya pili aliyumbishwa vibaya. Zilipokwisha raundi sita, majaji wote watatu walikuwa wamempa Klitschko uongozi wa pointi 58 kwa 56. Kilichomwokoa Lewis ni kwamba alikuwa amempasua mwenzake juu ya jicho la kushoto, daktari akasimamisha pambano, mkanda ukabaki kwake. Dunia nzima ikadai marudiano. Februari 2004 Lewis akatangaza kustaafu.

Naye aliitwa mwoga. Mwoga gani huyo? Hasim Rahman alimlaza raundi ya tano huko Afrika Kusini, Aprili 2001. Novemba mwaka huohuo Lewis akamfuata, akamlaza raundi ya nne. Alipigana na Evander Holyfield mara mbili. Lewis ndiye aliyemmaliza Mike Tyson raundi ya nane, Memphis, 2002. Mtu wa namna hiyo haogopi marudiano. Nionavyo mimi, usiku ule wa Los Angeles mwili wake ulimpa taarifa, naye akaipokea, ingawa karatasi ilisema ameshinda. Hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Kuacha baada ya kupigwa ni rahisi, kwa sababu wote wanakuhurumia. Ila kuacha wakati refa ameunyanyua mkono wako, na fedha nyingi zinakungoja mbele, kunataka moyo ambao sijauona kwa wengi.

Wazee wa Dar es Salaam wanakumbuka Februari 1980, Muhammad Ali alipokuja hapa ametumwa na Rais Carter wa Marekani kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye, na siku zote tunapoisimulia ziara ile tunaishia kwenye siasa. Mimi huwaambia vijana wangu hivi: aliyeshuka kwenye ndege ile alikuwa bingwa mstaafu. Alikuwa amemshinda Leon Spinks Septemba 1978, ametwaa ubingwa wa uzito wa juu kwa mara ya tatu, na mwaka 1979 akastaafu. Alikuwa ameshafika salama!

Akarudi. Kabla ya kupewa leseni alipimwa katika hospitali ya Mayo Clinic, na taarifa yao ilisema kwamba akiruka kwa mguu mmoja hana wepesi uliotarajiwa, na akijaribu kugusa ncha ya pua kwa kidole anakosa kidogo. Leseni ikatolewa. Oktoba 2, 1980, Larry Holmes alimpiga raundi kumi, mpaka mwalimu wake, Angelo Dundee, akakataa kumtoa kona kwa raundi ya 11. Desemba 1981 akapanda tena, Bahamas, na Trevor Berbick, pambano ambalo kengele yake ilikuwa ya ng'ombe. Akapoteza. Mwaka 1984 madaktari wakamwambia ana Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka. Sitasema ngumi za Holmes peke yake ndizo zilizomfanya vile. Daktari wake, Ferdie Pacheco, alishaondoka kwenye kona yake mwaka 1977, baada ya pambano na Earnie Shavers, alipoona majibu ya vipimo vya figo na hakuna anayemsikiliza. Katika pambano hilo la Shavers, Ali alishinda.

Najua msomaji atasema hao walikuwa na fedha. Hapo tunakubaliana. Joe Louis alistaafu akiwa bingwa wa uzito wa juu mwaka 1949, deni la kodi likamrudisha mwaka uliofuata, na Oktoba 1951 Rocky Marciano akampiga mpaka akatoka nje ya kamba. Marciano alimpenda sana Louis. Yeye mwenyewe aliacha Aprili 1956, ameshinda mapambano yote 49, na hakurudi ulingoni.

Kwetu bingwa akistaafu leo, kesho anakula nini? Malipo yakitoka, kwanza ni madeni ya chakula cha kambi, nauli, wasaidizi wa kona, na mimi mwalimu nachukua changu. Kinachobaki kinaisha kabla uvimbe wa jicho haujashuka. Ndiyo maana naomba wanaosimamia ngumi za kulipwa waweke utaratibu wa kukata sehemu ya kila malipo na kuiweka akiba kwa jina la bondia, asiiguse mpaka atakapotundika glovu. Naomba pia bingwa anayestaafu apewe mafunzo ya ukocha au urefa bila kulipia. Bondia akiona pa kukanyaga mbele yake, hatangoja apigwe ndipo aache.

Yule bondia wangu sasa ana karakana ya kuchomelea mageti, na kazi anaimudu kwa sababu aliwahi kuacha ngumi mapema. Kuna promota anampigia simu, anamwahidi pambano la marudiano na fedha ambazo geti haliwezi kuleta. Kwa kuwa najua promota huyo anasoma gazeti hili, namwambia: ndugu yangu, kama kweli unamthamini, nina vijana wawili wanaopanda ulingoni kwenye onyesho lako lijalo. Mpe nafasi kwenye kona yao, umlipe kwa kazi hiyo. Mimi nitashika taulo, yeye atashika ndoo na kuwaambia anachokiona.

Mwalimu wa ngumi,
Manzese, Dar es Salaam