Askari wa Tanga hawakuwa weusi tii, wala ardhi yao haikuwa jangwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumze na wanaopaka rangi visanamu vya michezo ya vita ya mezani, hasa wanaochagua vita vya 1914 hadi 1918 vilivyopiganwa huku kwetu. Visanamu vya askari wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani huku Afrika Mashariki, na wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza, vinafinyangwa Uingereza na Marekani, na siku hizi vingine vinachapwa kwa mashine za rezini. Maumbo ni mazuri. Kinachoviharibu ni rangi: uso unapakwa mweusi tii kama buti lililopigwa kiwi, na kitako, yaani kile kibati cha chini kinachosimamisha kisanamu, kinafunikwa mchanga wa njano wa jangwani. Aliyewahi kufika Tanga au Taveta akiwa amefumbua macho anajua kwamba vyote viwili ni uongo. Hayo mawili nitayaeleza kwa kirefu, mengine nitayapitia mbio.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: hapangwi jeshi zima, bali kikosi cha watu 5 hadi 20 kila upande, na kila kisanamu ni mtu mmoja. Kimo chake ni kama milimita 28, na kitako chake cha duara kina upana wa milimita 25 hivi. Maana yake mtu amepunguzwa mara 56 hadi 60. Hesabu hiyo ishike, tutaihitaji tukifika kwenye udongo.

Kabla ya rangi, osha. Rezini na plastiki hutoka na mafuta ya kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Itabambuka kwanza kwenye ncha za bunduki na ukingo wa kofia, pale vidole vinaposhika kila siku. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu vinatosha. Mshono wa kalibu unaopita ubavuni na juu ya kofia ukwangue kwa mgongo wa wembe, si kwa makali, la sivyo utachimba shimo. Bunduki ya rezini iliyopinda itumbukize kwenye maji ya moto sekunde chache, inyooshe, kisha itie kwenye maji baridi. Rezini isuguliwe kwa msasa uliolowa, maana vumbi lake ni baya kwa mapafu. Visanamu vya zamani vya metali vina madini ya risasi, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kula, na uache ile tabia ya kuchongoa brashi kwa ulimi.

Praima, yaani rangi ya kwanza inayoshikisha rangi nyingine, ikiwa ya kijivu ya magari inashika vizuri kwenye metali. Kwenye plastiki ijaribu kwanza kwenye kipande cha fremu ambamo visanamu hukatwa, kwa sababu viyeyushi vya baadhi ya makopo huila plastiki. Puliza kutoka sentimita 20 hadi 30, mkono ukipita upesi bila kusimama, tabaka mbili nyembamba. Ukiwa mbali mno kwenye jua kali na upepo, rangi hukauka hewani na kutua kama chenga. Uso wa askari unakuwa msasa. Ukiwa karibu mno, inajaa machoni na mdomoni. Tatizo kubwa la sisi wa pwani ni unyevu. Alfajiri na baada ya mvua usipulize kabisa. Subiri jua lipande, hewa ikauke, nawe ukae mahali penye hewa lakini pasipo upepo. Ikishindikana, paka praima kwa brashi. Inachukua muda zaidi, ila haina ugomvi na hali ya hewa.

Sasa ngozi. Chupa nyeusi iweke mbali. Changanya mafungu matatu ya kahawia iliyokolea na fungu moja la kahawia nyekundu, ongeza maji hadi rangi iteleze bila kutiririka, kisha paka tabaka mbili. Mafungu mawili ya rangi kwa moja la maji ni mahali pazuri pa kuanzia kwa akriliki nyingi, yaani rangi zinazozimuliwa kwa maji. Kivuli kinatokana na rangi hiyohiyo ukiitia tone la buluu iliyoiva na kuizimua kwa maji mara nane. Kitie kwenye vishimo vya macho, chini ya taya, nyuma ya masikio na kati ya vidole. Kivuli kikituama kama dimbwi, kinyonye mara moja kwa brashi safi yenye unyevu kidogo. Kikikauka vilevile, kitaacha duara lenye kingo nyeusi ambalo halifutiki. Maji matupu huongeza tatizo hilo, kwa hiyo mwenye kimiminika cha kuzimulia akriliki atie nusu yake na nusu ya maji.

Mwangaza, yaani rangi nyepesi ya sehemu zinazopigwa na mwanga, ndio unaowashinda wengi. Mtu anachukua kahawia yake anaongeza nyeupe, na uso unageuka kijivu, askari anaonekana mgonjwa. Ngozi nyeusi haipaukii kwenye weupe. Inapanda kupitia wekundu. Mwangaza wa kwanza uwe rangi ya msingi pamoja na kahawia nyekundu kwa vipimo sawa: paji la uso, mgongo wa pua, mifupa ya mashavu, kidevu, vifundo vya vidole, magoti. Wa pili uongezewe robo ya rangi ya kaki, na uguse vinundu tu. Ngozi nyeusi hung'aa kwa madoa madogo makali kuliko ngozi nyeupe, ambayo mwanga hutawanyika juu yake. Kwa hiyo doa la mwisho liwe dogo na liwe wazi, usilipake likaenea. Mdomo wa chini upate tone la wekundu uliofifia, na viganja viwe vyepesi kuliko mgongo wa mkono.

Macho ya kisanamu hiki hayafiki hata nusu milimita. Ukiyaacha kuwa kivuli tu hakuna atakayekulaumu, na mezani huonekana vizuri kuliko macho yaliyotumbuliwa. Anayetaka lazima kuyachora ayachore kabla ya uso: mstari mweusi, vidoa viwili vya rangi ya krimu, kisha nukta nyeusi katikati, halafu ngozi ije kuziba makosa. Na kwa kazi hii tumia brashi namba 1 au 2 yenye ncha nzuri. Brashi ya nywele tatu inabeba rangi kidogo mno, inakauka kabla ya kufika.

Nyuso kumi zisitoke kwenye chupa moja. Mwaka 1889 jeshi hilo la Wajerumani lilianza na Wasudani na Washangaani walioajiriwa na kamanda wake, Hermann von Wissmann. Baadaye wakajaa Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Tengeneza michanganyiko mitatu: mmoja kama ulivyo hapo juu, mmoja wenye wekundu zaidi, na mmoja uliokolea ambao mwangaza wake una chembe ya buluu ya kijivu badala ya kaki.

Sare nazipitia haraka. Askari wa Mjerumani alivaa kaki, na tarbushi yake ilikuwa na kifuniko cha kaki, kitambaa kikining'inia kisogoni na tai wa metali mbele. Kaki nayo ibadilishe kati ya mtu na mtu, maana nguo iliyofuliwa na kuanikwa juani mwaka mzima hailingani na mpya. Mwanzoni mwa vita kampuni nyingi zilikuwa bado na bunduki za muundo wa 1871 zenye baruti ya moshi, hivyo kipamba kidogo mbele ya mtutu ni alama halali ya aliyepiga risasi. Askari wa King's African Rifles mpe kaptula ya kaki na jezi ya buluu iliyoiva, na wengi wao waende pekupeku. Lakini usiwaweke Tanga! Jenerali Aitken, kamanda wa Waingereza, alikataa kuwachukua, akashuka Ras Kasone, hapohapo Tanga, na vikosi vya kutoka India pamoja na kikosi cha Waingereza cha Loyal North Lancashire, na akashindwa. Meza ya Tanga ya Novemba 1914 yenye King's African Rifles ni kosa ambalo rangi nzuri haiwezi kulificha.

Wapagazi nao wanasahauliwa, ilhali bila wao hakuna kikosi kilichotembea. Mzigo wa kichwani unafinyangwa kwa putini na kuzungushiwa uzi. Kanzu au shuka nyeupe usianzie na nyeupe: paka kaki ya kijivu, kisha krimu, na nyeupe iishie kwenye kunyanzi za juu tu.

Vitako si lazima viagizwe nje. Washa ya bolti ya milimita 12 kutoka duka la vifaa vya ujenzi ina upana wa milimita 24, na uzito wake unazuia kisanamu kuanguka. Ziba tundu kwa karatasi ngumu na supa gluu. Mchanga wa ufukweni unafaa, lakini usuuze kwa maji baridi mara tatu: chumvi huvuta unyevu, huchanua weupe juu ya rangi na kuitia kutu washa. Ukaushe, kisha upitishe kwenye chujio la chai. Hapa ndipo ile hesabu inaporudi. Chembe ya milimita 1 ni jiwe la sentimita 5 au 6 kwa mtu huyu, na kokoto ya milimita 5 ni mwamba wa kukalia. Kwa hiyo mchanga uwe laini karibu kote, na kokoto mbili tatu upande mmoja, si duara zima.

Kuna wanaochota udongo mwekundu wenyewe wakidhani wamepata njia ya mkato. Udongo wa mfinyanzi hupasuka gundi inapokauka, na ukishalowa gundi hubaki na rangi nzito isiyorudi. Bora mchanga uliopakwa rangi. Paka gundi nyeupe ya mbao, chovya kwenye mchanga, acha usiku kucha, kisha dondoshea gundi iliyozimuliwa kwa mafungu matatu ya maji na tone la sabuni ili ipenye. Fanya haya kabla ya praima, nayo praima itafunga kila kitu.

Rangi ya ardhi inategemea mahali na mwezi. Kwa Salaita, karibu na Taveta, Februari 1916, anza na kahawia nyekundu iliyokolea, pitisha brashi kavu, iliyofutwa hadi ikabaki na rangi kidogo tu, yenye rangi ya matofali, halafu brashi kavu zaidi yenye kaki ya waridi kwenye vinundu. Nyasi ziwe kavu, na vichaka viwe vya miiba. Vumbi hilohilo lipande kwenye miguu ya askari hadi chini ya magoti. Miguu misafi juu ya udongo mwekundu ndiyo inayofanya kisanamu kionekane kimebandikwa. Kwa Tanga mambo ni mengine. Novemba ni vuli, majani ni mabichi. Walipigana kati ya minazi na miti ya mpira, kwa hiyo kitako kiwe cha kahawia iliyochanganyika na kijivu, majani makavu yaliyosagwa yakitawanyika, na rangi ya kijani iwe nyingi.

Nyasi bora tunazo wenyewe: kamba ya mkonge. Kata nyuzi za milimita 10 hadi 15, chovya mwisho mmoja kwenye supa gluu, simamisha, zikishika zipasue kwa kidole zitawanyike. Milimita 15 ni nyasi za kufika kiunoni. Kwa kijani, chovya kamba kwenye rangi iliyozimuliwa na uikaushe kabla ya kukata.

Vanishi isiyong'aa itangulie nyasi, kwani ikipulizwa juu yake huzikakamaza na kuzitia weupe. Unyevu ukiikuta vanishi, kisanamu chote hufunikwa ukungu mweupe. Usikitupe: kisubiri siku kavu, kipake vanishi inayong'aa kwa brashi na ukungu mara nyingi utaondoka, kisha rudia isiyong'aa kwa tabaka nyembamba. Vumbi la chaki au la tofali lililosagwa likae la mwisho, maana vanishi ikilifuata hulimeza. Kwa kuhifadhi, bandika karatasi ya sumaku ndani ya sanduku. Washa zitashika hata njia ikiwa mbovu.

Msomaji wako,
Tanga